Kutoka Matarumbeta ya Usharika Hadi Bendi ya Kopi: Mwongozo kwa Mpigaji wa Ala Nyingi

Kuanzia Rombo hadi Meru wapo vijana wengi wanaomudu ala tatu au nne, nao hawajioni kuwa wanamuziki. Walianza na tarumbeta usharikani, wakakalia kinanda baada ya mpiga kinanda wa kwaya kuhamishwa kikazi, wakajifunza gitaa bwenini, na dramu wakazizoea katika mazoezi ya vijana ya Jumamosi. Mwongozo huu ni wao, hasa wale wanaotaka kuingia katika bendi ya kopi, yaani bendi inayopiga nyimbo zinazojulikana tayari katika harusi, hoteli na kumbi za Moshi na Arusha. Mimi mwenyewe nimepita njia hiyo: matarumbeta kwanza, kisha kinanda cha kwaya, kisha gitaa la besi, na leo katika bendi ninayopigia nashika besi na kupokea tarumbeta pale wimbo unapoihitaji. Thamani ya mpigaji wa namna hii hutokana na kuujua wimbo kutoka pembe zaidi ya moja, wala wingi wa ala peke yake haumfikishi mbali. Malezi ya kanisani yamekwisha kumpa sehemu kubwa ya ujuzi huo, mradi ajue namna ya kuuhamishia bendini.

Hesabu kwanza ulichonacho

Mapokeo ya kupiga tenzi kwa matarumbeta katika sharika za Kilutheri za Kaskazini yana asili yake Ujerumani, walikotoka wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893. Aliyelelewa humo ana mambo ambayo mpiga gitaa aliyejifunza peke yake chumbani huyapata kwa shida. Amezoea kusikiliza sauti nne kwa wakati mmoja, anajua kurekebisha sauti yake inaposhuka kabla hajaambiwa, na anavuta pumzi mahali ambapo mstari wa wimbo unapumua. Zaidi ya hayo, aliyepiga sauti ya tatu kwa miaka kadhaa amezoea kushika mstari ambao peke yake hauna utamu, lakini ukiondoka wimbo mzima unapwaya. Hiyo ndiyo kazi ya gitaa la rithim katika muziki wa dansi, na ni watu wachache wenye uvumilivu wa kuifanya vizuri.

Hazina ya pili ni solfa. Kwaya nyingi, za Kikatoliki na za Kilutheri, hujifunza nyimbo kwa nota za solfa, ambamo do huhama kulingana na ufunguo wa wimbo, yaani sauti ambayo wimbo umejengwa juu yake. Mwanakwaya wa namna hiyo hahitaji kuambiwa kwamba wimbo uliojengwa juu ya do, fa na so utabaki katika do, fa na so hata ukipandishwa kutoka C hadi E flati. Wapigaji wa bendi huziita kodi hizo, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa pamoja, moja, nne na tano, na kiongozi anaponyoosha vidole vinne katikati ya wimbo, anaagiza kodi ya fa. Ukilishika hili, utaingia kwenye mazoezi ukiwa na lugha ya bendi mdomoni.

Anayetaka kusoma muziki kwa mpangilio wa darasani hana haja ya kwenda mbali, kwa kuwa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kilichopo Usa River kati ya Arusha na Moshi, kinafundisha muziki hadi ngazi ya shahada. Hata hivyo bendi ya kopi haiulizi cheti. Inauliza kama unaujua wimbo.

Funguo, mahali ambapo wengi hukwama

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu nimeona wapuliza tarumbeta wazuri sana wakirudi nyumbani baada ya mazoezi ya kwanza kwa tatizo hili moja tu.

Tarumbeta ya kawaida ni ala ya B flati. Ukiipuliza bila kubonyeza vali yoyote, sauti zinazotoka ni za kodi ya B flati. Vali ya kwanza hushusha sauti kwa toni moja, ya pili kwa nusu toni, na ya tatu kwa toni moja na nusu. Ugumu uko katika majina. Vitabu vya Kiingereza pamoja na bendi za shule na za majeshi huiandika sauti ile ya wazi kuwa C, ilhali mapokeo ya matarumbeta ya makanisa ya Kijerumani humfundisha mpigaji kuisoma kuwa B flati, kwa jina lile lile linalotumiwa na kinanda. Kwa hiyo wapigaji wawili, mmoja aliyetoka usharikani na mwingine aliyetoka bendi ya shule, wanaweza kusimama bega kwa bega na tarumbeta za aina moja na kuita sauti moja kwa majina mawili, na wote wawili wakawa sahihi. Kabla hujafika kwenye bendi yoyote, puliza sauti ya wazi, itafute kwenye kinanda, kisha jiulize mwalimu wako aliiita nani. Kama aliiita B flati, unazungumza lugha moja na kinanda na gitaa. Kama aliiita C, utapaswa kuongeza toni moja kwenye kila ufunguo utakaotajwa: bendi ikisema F wewe utapiga G, ikisema B flati utapiga C, na ikisema G utapiga A yenye shapu tatu. Mwenye saksafoni ya alto, ambayo ni ala ya E flati, huenda mbali zaidi, kwani bendi ikisema C yeye hupiga A, na ikisema G hupiga E.

Sasa angalia linalotokea mazoezini. Wapiga magitaa hupenda E, A, D na G, kwa sababu nyuzi zilizo wazi za gitaa ni E, A, D, G, B na E, na kodi za funguo hizo hukaa vizuri mkononi. Wapulizaji, kinyume chake, wamezoea B flati, E flati na F. Wimbo ukiwekwa E, mwenye tarumbeta aliyefundishwa kuita sauti ya wazi C anajikuta katika F shapu yenye shapu sita. Suluhisho la kwanza ni kufanya mazoezi ya kila siku katika funguo za gitaa, skeli moja kwa pumzi moja polepole, mpaka A na D zikuzoee kama B flati ilivyokuzoea. La pili ni mapatano. Mpiga gitaa akifunga kapo, yaani kibanio kinachobana nyuzi zote na kupandisha sauti, kwenye kikato cha tatu na kupiga maumbo ya D, bendi iko F. Akibaki hapo hapo na kupiga maumbo ya G, bendi iko B flati, na kila mtu yuko nyumbani. Pendekezo la aina hii linapotolewa kwa upole na mtu anayezijua ala zote mbili, huokoa nusu saa ya ubishi.

Kuhusu kinanda, lipo jambo ambalo sharti lisemwe wazi. Wapiga kinanda wengi wa kwaya hupiga kila wimbo kwa C na kutumia kitufe cha transpozi kuuhamisha. Kanisani hilo linatosha, kwa kuwa wimbo huanza na kwisha katika ufunguo mmoja. Kwenye bendi, kiongozi anaweza kuamuru wimbo upande kwa nusu toni kabla ya kiitikio cha mwisho, na hapo hakuna sekunde ya kutafuta kitufe. Jifunze kupiga moja, nne na tano kwa mikono miwili katika C, F, G, D, A, B flati na E flati. Ni kazi ya miezi michache tu kwa anayekaa na kinanda kila jioni, na baada ya hapo transpozi itabaki kuwa msaada wa dharura.

Mwishowe, anayeamua ufunguo katika bendi ya kopi ni mwimbaji. Rekodi inaweza kuwa C, lakini mwimbaji wenu akiwa na sauti nzito ataimba A, na wiki ambayo mafua yamemshika ataimba G. Usiushike wimbo kwa vidole peke yake. Ushike kwa solfa, ndipo utaweza kuuhamisha.

Chagua ala moja iwe makao yako

Kiongozi wa bendi anapouliza unapiga nini, jibu kwa ala moja, kisha taja nyingine kama nyongeza. Kujibu kwamba unapiga zote humfanya afikiri kwamba hakuna hata moja unayoiweza vizuri, na mara nyingi huwa hajakosea. Ala ya makao ni ile unayoweza kuipiga saa nne mfululizo, usiku, ukiwa umechoka, bila mapigo kuyumba.

Nionavyo mimi, kijana aliyetoka kwenye matarumbeta makubwa, yaani baritoni au besi, afikirie sana gitaa la besi. Masikio yake yamekwisha kuzoea kukaa chini ya sauti zote na kuonyesha kodi inakoelekea. Lakini lipo jambo moja la kuacha nyuma. Katika tenzi, besi hushika kila nota mpaka mwisho wa thamani yake. Katika rumba, besi huacha nafasi, na katika nafasi hizo ngoma na gitaa la rithim hupata mahali pa kusemea. Mpigaji mgeni huogopa ukimya huo na kuujaza. Jizoeze kuinua kidole uzi unyamaze mahali ambapo rekodi imenyamaza, kwa usahihi ule ule unaoutumia kupiga.

Kufungua wimbo

Nyimbo utakazopewa zitakuwa za aina nyingi: zilizopendwa za dansi la Tanzania na rumba ya Kongo, Bongo Fleva, rege, kantri ambayo wazee wengi wa huku huipenda kwa dhati, na nyimbo chache za Kiingereza kwa ajili ya wageni wa hoteli. Anza na dansi, kwa sababu ndilo shule ya zote. Ukanda huu una historia yake humo. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga waliotoka Tanga walipitia Arusha na kupiga kama Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaanzisha Simba Wanyika, na kutoka humo ikazaliwa Les Wanyika mwaka 1978. Sikiliza kazi za bendi hizo pamoja na za Mlimani Park, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka huo huo wa 1978, kisha uzilinganishe namna magitaa yanavyogawana kazi na mahali ambapo wapulizaji huingia na kunyamaza.

Usijifunze wimbo kupitia spika ya simu, kwani haitoi sauti za chini, na utabaki unakisia besi. Tumia vipokea sauti vya masikioni. Mara ya kwanza sikiliza besi peke yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukiimba solfa yake bila kugusa ala yoyote. Mara ya pili fuata dramu, hasa mguu (dramu kubwa inayopigwa kwa mguu) na haihati (visahani viwili vinavyogongana). Kisha rithim, kisha solo, na wapulizaji mwishoni. Huo ni mpangilio wa kutoka chini kwenda juu, kinyume cha mazoea ya wengi ambao hukimbilia solo kwa sababu ndiyo inayosikika, kisha wakifika mazoezini hawajui wimbo unabadilika kodi wapi.

Baada ya hapo andika ramani ya wimbo kwenye karatasi moja: utangulizi una mizunguko mingapi, ubeti unaingia wapi, kiitikio kinarudiwa mara ngapi, na chemko inaanzia wapi. Chemko ndiyo sehemu inayotaka uangalifu kuliko zote. Mwendo unabadilika, kodi zinapungua na kubaki mbili au tatu zinazozunguka, na karibu kila mara kuna ishara inayoleta badiliko hilo, kwa mfano mapigo ya sneya (dramu ndogo yenye mlio mkali), kishindo cha wapulizaji, au neno la mwimbaji. Iandike ishara hiyo kwa herufi kubwa. Bendi inayoingia kwenye chemko pamoja, kwa pigo moja, huinua ukumbi mzima, na ikiingia vipande vipande watu huacha kucheza papo hapo.

Bongo Fleva inataka kazi ya namna nyingine, na hapa ndipo mpigaji wa ala nyingi anapoonekana. Midundo mingi ya nyimbo hizo hutengenezwa kwa kompyuta, hivyo ndani yake kunaweza kusikika sauti kumi na bendi yenu ina watu watano. Mtu mmoja lazima aamue nani atabeba nini. Chukua karatasi, orodhesha sauti unazozisikia, kisha zigawe: mdundo wa chini uende kwa mguu wa dramu, kile kifungu cha kinanda kinachojirudia kiende kwa gitaa au tarumbeta, makofi yaende kwa sneya, na zilizobaki ziachwe. Chagua kwa kujiuliza ni sauti gani ambayo ikikosekana msikilizaji hataujua wimbo. Kwa kawaida ni mbili au tatu tu.

Majaribio na mazoezi

Bendi nyingi za hapa hazitangazi nafasi. Mpiga besi anasafiri, mpiga dramu anapata kazi Zanzibar, na kiongozi anauliza watu anaowaamini kama wanamjua mtu. Kwa hiyo nenda wanakopiga, wasalimie wakati wa mapumziko, na omba kuhudhuria mazoezi hata kama hutapiga. Siku utakayoitwa, uliza orodha ya nyimbo na funguo wanazotumia, ujiandae nyimbo chache ukizijua kabisa.

Kipimo cha kiongozi mzoefu mara nyingi hakifanani na mtihani. Atauanzisha wimbo kwa ufunguo tofauti na ule aliokutajia, au atasimamisha bendi na kusema muanzie ubeti wa pili. Anataka kuona kama unawasikiliza wenzako. Tazama mkono wa kushoto wa mpiga besi. Kodi ikibadilika huonekana pale kabla hujaisikia vizuri. Kama hukuelewa kodi fulani, nyamaza kwa pigo moja kisha uingie, kwa sababu nota isiyopigwa haimuudhi mtu. Na usishike ala ya mwenzako bila kuombwa, hata kama unaipiga vizuri kuliko yeye. Mpiga kinanda akichelewa, kiongozi akasema, "Naomba mtu atushikie kinanda," ndipo ukikalie, upige kodi za kawaida bila mapambo, na mwenyewe akifika umpishe bila kuchelewa.

Kuhusu wingi wa nyimbo, hesabu ni hii: usiku wenye seti tatu za dakika 45 una dakika 135 za muziki, na kwa wastani wa dakika 5 kwa wimbo mnahitaji nyimbo 27. Andaeni 35, maana wageni huomba, na zipo ambazo usiku huo hazitakaa.

Jukwaani

Kubadilisha ala katikati ya kazi ni ufundi unaojitegemea. Kabla ya kuchomoa jeki ya gitaa, hakikisha chaneli yake imezimwa kwenye mikisa (mashine ya kuchanganya sauti), la sivyo mlio utakaotoka kwenye spika utawashtua wazee waliokaa meza ya mbele. Tarumbeta iwe kwenye stendi yake, mate yameshatolewa, na nyimbo zinazoihitaji zitawanywe katika orodha, kwa kuwa midomo huchoka na haipumziki haraka kama vidole. Nyimbo mbili za tarumbeta kwa kila seti zinatosha kwa mtu mwenye ala nyingine ya makao.

Mwezi wa Juni na Julai, sherehe ikiwa bustanini Arusha, baridi ya usiku huingia ndani ya ala. Tarumbeta iliyopoa hushuka sauti, ilhali nyuzi za gitaa hukaza na kupanda, hivyo ala zilizolingana saa kumi na mbili jioni zinaweza kutengana saa nne usiku. Puliza pumzi ya joto ndani ya tarumbeta kwa dakika moja kabla ya kuipokea, bila kutoa sauti, na mpiga gitaa alinganishe upya kila seti.

Harusi na ubarikio huwa vingi mwezi Desemba, wakati watu wa Kilimanjaro waliotawanyika nchini wanaporudi nyumbani, na hapo wimbo wa kutoa zawadi ndio unaopima bendi. Wageni hupita mbele wakicheza, ukoo baada ya ukoo, na wimbo wa dakika 5 unaweza kutakiwa uendelee dakika 20 bila kukatika. Pangeni mapema mzunguko utakaorudiwa, na nani atampokea nani. Mwenye ala nyingi anaweza kumpokea mpiga dramu mkono ukichoka, kisha mpiga kinanda, na watu wanaocheza wasitambue kwamba aliyeketi pale amebadilika. Mfuate mshereheshaji kwa macho muda wote, maana yeye ndiye anayejua foleni imebaki na watu wangapi.

Makaratasi na malipo

Nyimbo mnazopiga zina wenyewe. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaitambua haki ya mtunzi kazi yake inapotumbuizwa mbele ya hadhira, kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba na hoteli au ukumbi, ulizeni nani anabeba jukumu la leseni, jibu lake liandikwe. Bendi yenyewe isajiliwe Baraza la Sanaa la Taifa, na mahali pa kuanzia ni kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu.

Kwa upande wako, patana na kiongozi mapema kuhusu mambo matatu: malipo ya nafasi yako, nyongeza kwa kila ala ya pili unayokuja nayo kwa kuwa unaitunza na kuisafirisha wewe, na usafiri wa kurudi. Moshi na Arusha zinatenganishwa na takribani kilomita 80, kazi za harusi huisha usiku wa manane, na mwenye besi, tarumbeta na amplifaya hawezi kusubiri daladala ya asubuhi stendi. Kama bendi haina gari, gharama ya kukodi iingizwe kwenye bei anayotajiwa mteja tangu siku ya kwanza, na malipo ya awali yawe yamelipwa kabla vyombo havijapakiwa.